Lomeri Amelala Wapi

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia, nimechemsha chai, nimeloweka miaa ya kusukia. Binti yangu Akiru yuko kwenye kompyuta tangu asubuhi. Uji umepoa hapo pembeni na nzi wameshauonja. Leo anatengeneza taa ndogo za ndani ya ndege, zile za juu ya kiti. Ndege ni ya gemu. Haina chuma hata kidogo, lakini anaihangaikia kuliko mtu mwenye ng'ombe mgonjwa.

Ni ndege ya zamani, ya kubeba abiria. Sura yake naijua sasa kama sura ya jirani. Tumbo nene. Madirisha ya mraba. Feni mbili kubwa mbele, Akiru anasema ziitwe propela. Ikiwa chini, mkia umeketi na pua iko juu, kama mbwa anayengoja mlangoni. Nampenda huyo mbwa. Sijui kwa nini.

Macho ya Akiru ni mekundu. Nimemwambia apumzike. Amesema sawa Mama, na hakupumzika.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji Ekai amepiga simu. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na yeye ndiye alimsomesha Akiru mpaka chuo, kwa hivyo akiongea tunanyamaza. Amesema msichana mkubwa hawezi kukaa Lodwar na cheti chake akicheza. Duka lake la mabati na simiti pale Kainuk linataka mtu wa kuaminika. Anakuja kumchukua Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Hakuuliza. Amesema.

Sitaki Kainuk. Ile barabara ya majambazi imekula watu.

Akiru hakulia. Alisema Jumamosi hiyo hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma ndege kwa watu wa gemu. Wako ng'ambo, hajawahi kuwaona. Waliona picha zake wakamwandikia: tutumie ndege nzima, kila swichi ifanye kazi, tutairusha wenyewe. Tukiipenda utafanya kazi na sisi ukiwa huko huko kwenu.

Huko huko kwenu. Hayo maneno nimeyarudia mpaka kwa mbuzi.

Basi ndiyo hivyo. Ndege ikipita, mtoto anabaki. Ikikataliwa, Kainuk.

Jumamosi, 8 Machi
Leo propela zimezunguka! Nimeacha kikapu katikati nikaruka kama mtoto. Kwanza moja, polepole, kama mtu anayeamshwa na hataki. Ikakohoa. Ikatoa moshi. Ikashika. Halafu ya pili. Vikombe vilikuwa vinatetemeka mezani kwa ile sauti, na ni spika ndogo tu.

Sauti imetoka kwa Espoir. Huyo ni Mkongomani, anaishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anafundisha vijana kompyuta. Wanafanya hii kazi wawili: Akiru anachonga mwili wa ndege na vyumba vya ndani, Espoir anaweka injini na tabia. Alikulia karibu na uwanja ambapo ndege kama hizi zilikuwa zinatua, anazijua kwa masikio. Kwenye simu ananiita Mama. Nilimuuliza mara moja kama ana mke. Akiru alinyang'anya simu.

Akiru amepiga picha kikapu changu, kile cha mstari mweusi, akakiweka ndani ya ndege, juu ya viti, mahali pa mizigo. Kikapu changu kimepanda ndege. Mimi sijapanda.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimeombea ndege. Kimoyomoyo, watu wasisikie.

Alhamisi, 13 Machi
Joto la kuua. Stima imepotea mara mbili. Kila ikipotea naona kompyuta imekufa. Haijafa.

Ndege haitaki kuruka. Inakimbia vizuri kwenye lami, mara inageuka kushoto, inaingia vichakani. Tena na tena. Nimesema labda imeharibika. Akiru amesema hapana, hata zile za kweli zina hii tabia, rubani lazima aishike kwa mguu. Shida ni kwamba yao inavuta kupita kiasi. Wanabishana na Espoir kwenye simu, Espoir anasema punguza, Akiru anasema ukipunguza sana itakuwa ndege ya uongo.

Mimi nimeelewa kabisa. Punda wangu wa maji alikuwa hivyo hivyo, anavuta upande mmoja. Ukimjua hakupi taabu.

Ijumaa, 14 Machi
Ata amefika kutoka Lokiriama. Ni mama yangu, lakini kwa vile watoto wanamwita Ata, yaani nyanya, na sisi wote tumefuata. Amekuja kuonyesha macho hospitali. Macho mabaya lakini mdomo mzima. Hata hajaketi ameshasema nimekonda, nyumba ina vumbi, na Akiru ataolewa lini.

Akiru akamwonyesha ndege. Ata akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Akatazama muda mrefu. Akauliza ina maziwa? Tumecheka mpaka jirani akachungulia.

Halafu akauliza kitu kingine, hakucheka. Akauliza kama imebarikiwa. Maana kitu kipya kikiingia bomani hakijabarikiwa, si ajabu kikakimbilia vichakani.

Akiru alicheka. Mimi sikucheka. Neno limenikaa.

Jumamosi, 15 Machi
Niandike tu.

Akiru alienda mtoni kuchota maji, mferejini yamekatika. Kompyuta aliiacha wazi mezani, ndege iko kwenye kioo imesimama. Nilimwambia Ata, sasa. Mimi ndiye nilimwambia. Nikamletea maji kwenye kibuyu. Ata akasimama, akavua viatu, akanyoosha mkono. Akaiombea mvua, nyasi, njia nzuri, maadui wapotee. Mimi nikaitikia kila mara kama tunavyoitikia. Nilikuwa na raha kabisa. Nilihisi mzigo unashuka.

Halafu akajaza maji mdomoni akatema. Fuuu! Kama anavyotemea ndama. Kama alivyomtemea Akiru alipozaliwa. Na alikuwa anatafuna tumbaku.

Maji yalijaa kwenye kioo, matone matone juu ya pua ya ndege. Ata akafurahi. Akasema tazama, ana madoa. Akampa jina papo hapo: Lomeri, jina la dume la ng'ombe lenye madoadoa.

Akatema tena. Hiyo ya pili ikaingia kwenye vitufe. Lomeri akazimika. Kioo cheusi.

Akiru aliporudi alisimama mlangoni na mtungi kichwani. Akauliza, "Mama, mmefanya nini?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka mtungi chini, akachomoa waya, akageuza kompyuta kichwa chini, maji ya kahawia yakatoka. Nilitaka kuianika juani. Jua la Lodwar linakausha samaki kabla ya jioni, litashindwa na hiki? Amesema usiguse. Amesema tu hivyo, usiguse, kwa sauti ya chini.

Ata anasema maji ya baraka hayajawahi kuua kitu.

Espoir kwenye simu amesema isiwashwe hata kidogo. Iletwe Kakuma. Yeye ana vifaa. Ana nakala ya ndege pia, lakini ya wiki nyingi nyuma, bila viti, bila taa, bila kikapu.

Mimi mjinga. Mimi mjinga wa mwisho.

Jumapili, 16 Machi
Kakuma. Tumekuja watatu. Ata amekataa kubaki. Anasema aliyebariki haachi kazi katikati. Kompyuta nimeibeba mimi njia nzima, imefungwa kwenye kanga, kifuani, kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi cha polisi askari aliuliza ni wa miezi mingapi. Hakuna aliyecheka, hata Akiru.

Tumelala kwa rafiki yangu Nakiru mjini. Akiru bado haongei na mimi zaidi ya ndiyo na hapana.

Jumatatu, 17 Machi
Espoir ni mrefu, mwembamba, ana sauti ya upole. Amemwamkia Ata kwa lugha yetu, "ejok" na Ata akamjibu kwa maneno mengi ambayo kijana wa watu hakuelewa hata moja. Akawa anaitika tu.

Akafungua kompyuta kwa bisibisi ndogo kama sindano. Tukazunguka meza kama watu wa msiba. Akatoa jani la tumbaku kwenye vitufe, akaliinua kwenye mwanga.

"Mama, hii ni maji ao ni mboga?"

Akiru akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Ningeweza kumbusu huyo Mkongomani.

Lakini amesema mashini imekwenda, haitawaka. Kumbe hakuwa amemaliza. Alichomoa kipande chembamba kinachotunza kazi, kidogo kuliko kidole, akakisafisha, akakipachika kwenye kompyuta yake mwenyewe. Tukangoja. Mimi sikuweza kutazama, nilitazama ukuta.

"Mama, mashini ndiyo ilikunywa maji. Ndege haikukunywa kitu."

Nikageuka. Alikuwa pale. Viti, taa, kikapu changu na mstari wake mweusi. Lomeri mzima! Nimelia, nimemshika Espoir mikono yote miwili. Ata akasema kwani nilisema nini.

Jumatano, 19 Machi
Kazi. Kompyuta ya Espoir imezeeka, inapata moto, wameiwekea kopo la maji baridi karibu na feni ndogo. Kopo la maji! Nimelisogeza mbali mara kadhaa, Akiru analirudisha.

Stima ya kambini ni ya sola na inagawanywa. Ikifika zamu yao wanakimbizana. Ikiondoka wanachora kwenye karatasi. Mimi nimeleta githeri na chai, nimekaa kwenye kona nasuka. Nimeambiwa nisiongee. Naongea kidogo.

Ndege bado inaenda vichakani.

Shemeji amepiga. Nimemwambia tuko Kakuma. Akasema vizuri, atapitia huko huko Jumamosi na gari. Nguo za Akiru ziwe tayari.

Sijamwambia Akiru hiyo ya nguo.

Alhamisi, 20 Machi
IMERUKA.

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hakuna nyingine za kutosha. Ilianza kukimbia, ikavuta kushoto, Akiru akaishika, ikavuta tena, akaishika, mkia ukainuka, mbwa akasimama kwa miguu yake! Halafu lami ikashuka chini na sisi tukabaki juu. Espoir alikuwa amesimama kwenye kiti. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu kichwani, sijui nilikiweka saa ngapi. Ata akapiga kigelegele mpaka watu wa jirani, Wasudani, wakaja kuuliza arusi ya nani.

Akiru na Espoir wakakubaliana katikati: inavuta, lakini inashikika. Kila mmoja anasema ni yeye alishinda ule ubishi.

Akiru akatupeleka Lodwar. Kutoka Kakuma, juu, bila vumbi, bila kizuizi. Niliona milima. Niliona mto Turkwel na mikoma yake. Nikamwambia shuka, nitafute nyumba yangu. Hakuna. Mahali pa nyumba yangu watu wa gemu wameweka kichaka. Ata akasema usilalamike, angalau kichaka ni cha kijani.

Halafu Akiru akashika kidole changu akakiweka kwenye pua ya ndege, pale kwenye kioo. Alikuwa amechora. Matone meupe, madogo, yamemwagika kutoka mbele kwenda nyuma, kama mtu ametema maji. Na chini yake jina, Lomeri.

Nilimshika shingo tu.

Sasa naweza kula.

Ijumaa, 21 Machi
Wanakagua swichi. Moja moja. Espoir anasoma jina, Akiru anabonyeza. Sijui zinafanya nini lakini kila ikikubali nasema asante Yesu. Espoir amesema Mama, zikiisha wewe utakuwa umechoka kuliko sisi.

Nimefua nguo za Akiru. Nimezikunja. Nimezifunua tena. Nimezianika tena zikiwa zimekauka.

Jumamosi, 22 Machi
Siku ndefu. Nianze mwanzo.

Asubuhi wakaanza kutuma. Kuna mstari wa kijani kwenye kioo unaotambaa, ukifika mwisho ndege imefika ng'ambo. Mstari ulitambaa kama kobe. Ukasimama. Mtandao wa kituo anapofundisha Espoir umekufa. Wakaanza upya. Ukasimama tena. Akiru alikuwa anauma kucha, tabia aliyoacha akiwa darasa la nne.

Shemeji Ekai akafika katikati ya hayo. Mkubwa, jasho, kofia, funguo za gari mkononi. Akaamkia. Akauliza nguo ziko wapi. Nikamwambia shemeji, keti kwanza, kunywa chai. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, na hicho kilikuwa kiti cha mbele ya kompyuta nyingine ya kituo, ambayo Espoir alikuwa ameweka ndege ili aijaribu.

Akatazama. Akauliza hii ndiyo ile takataka? Akiru akasema ndiyo, Baba Mdogo.

Huyu mtu ameendesha lori maisha yake yote, Kitale mpaka Lokichoggio. Hawezi kuona usukani akauacha, hata wa kwenye kioo. Akauliza gesi, ya kuongeza mwendo, iko wapi. Akiru akamwonyesha. Ndege ikakimbia, ikageuka kushoto, ikaingia vichakani.

Akasema lori lake haliwezi kufanya upuzi huu. Ata, ambaye hakuelewa ila alielewa, akacheka wazi wazi. Shemeji akavua kofia. Akajaribu tena. Vichakani. Tena. Vichakani. Chai ikapoa. Akiru akainama karibu yake.

"Baba Mdogo, usipigane naye. Mguu wa kulia ni kitufe hiki, kidogo kidogo."

Ikainuka. Naapa alishika meza kwa mikono yote miwili. Alizunguka juu ya Kakuma, akatafuta barabara yake ya lori, akaifuata, akawa anatutajia kila korongo alilowahi kukwama. Halafu akauliza, bila kugeuka, hiki kitu kila sehemu yake ni wewe umetengeneza? Akiru akasema na Espoir. Akauliza na hicho kikapu? Akasema cha Mama.

Mstari wa kijani ukasimama tena. Espoir akasema kituo kinafungwa saa hii, mtandao ndio huo, basi. Akiru akafunika uso.

Nilitaka kusema kitu kwa shemeji, nimekipanga wiki nzima, lakini yeye akaniwahi. Akatoa simu yake mfukoni, ile kubwa, akaisukuma mezani.

"Tumia hii. Mtandao wake una nguvu."

Mstari ukatembea. Polepole, lakini ukatembea. Tulitoka na kompyuta nje ya kituo, tukaikalisha kwenye boneti ya gari ya shemeji, simu juu yake, na sote tukasimama tukiukinga mwanga kwa kanga yangu. Ukafika mwisho. Imekwenda.

Shemeji alisema atangoja jibu. Hakusema zaidi. Akaondoka kwenda Kainuk peke yake. Kabla hajawasha gari alimuuliza Espoir kama ile ndege inaweza kukaa kwenye kompyuta ya dukani.

Jumatatu, 24 Machi
Tumerudi Lodwar. Hakuna jibu.

Jumatano, 26 Machi
Hakuna. Akiru amelala mchana, sijawahi kuona. Ata amerudi Lokiriama, daktari amempa dawa ya matone. Ameniambia nikipata neno nimpigie kwa simu ya kaka yangu.

Nachungulia simu ya Akiru kama mwizi. Siwezi hata kusoma Kiingereza chake.

Jumapili, 30 Machi
Jibu limekuja tukiwa kanisani. Simu ililia, akatoka nje, na mimi nikatoka nyuma yake katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe. Alikuwa amesimama kwenye jua anasoma. Akasoma tena. Nikauliza ni nini. Akawa anatikisa kichwa, nami sikujua ni kichwa cha ndiyo au cha hapana, nilikaribia kuzimia.

Ni ndiyo! Wameipenda. Wanamtaka, na Espoir pia. Kwanza kwa majaribio, watengeneze nyingine ya zamani, ya injini nne. Injini nne! Watamtumia pesa ya kompyuta mpya. Nimeimba kuanzia pale mpaka nyumbani. Nimempigia shemeji, amekohoa, amesema sawa, atatafuta mtu mwingine wa duka. Halafu akasema mwambie nimeweza kuitua. Nimempigia Ata. Ata hakushangaa hata kidogo.

Wameandika pia vitu vya kurekebisha. Mlango haufungi vizuri. Mshale mmoja wa vipimo unasoma vibaya. Na mwisho wameuliza kuhusu yale madoa kwenye pua, kama rangi imeharibika, ayaondoe.

Alhamisi, 3 Aprili
Kompyuta mpya imenunuliwa. Akiru amerekebisha mlango na mshale. Madoa ameyaacha. Amewaandikia sijui nini. Hawakuuliza tena.

Jumapili, 6 Aprili
Mawingu yamefunga upande wa mlima. Labda mvua. Nimemaliza kikapu kikubwa.

Ata amepiga simu jioni, kama kila jioni sasa. Anasema amesikia Lomeri anarushwa na watu wengi wasiomjua. Hilo halimpendezi. Mnyama hutembea mbali, sawa, lakini lazima ijulikane amelala wapi. Nilimwambia Ata, si hivyo, yuko kila mahali. Hakunisikiliza. Akauliza tena, amelala wapi?

Nikamuuliza Akiru. Alikuwa karibu kuzima kompyuta mpya. Akanitazama, akaketi tena. Akamleta Lomeri kutoka upande wa ziwa, taratibu, juu ya mto, akamtua kwenye uwanja wetu. Akazima injini moja, halafu nyingine. Propela zikazunguka kidogo zenyewe, zikasimama. Mkia chini, pua juu.

Nikamwambia Ata, amelala Lodwar. Akasema vizuri, akakata simu.

Nimefunika kompyuta kwa kanga. Vumbi.